Namba Mbili za Kwanza

Kabla sijaeleza yaliyotokea, nataka ijulikane kwamba mpango wa usalama ulikuwa wangu. Mimi, Warigia, mama yake Bedan, fundi wa sare za shule hapa Ngoingwa, Thika, ndiye niliyeubuni, na mpaka ile Alhamisi nilikuwa najisifu nao kila nilipopata mtu wa kunisikiliza. Kwa hivyo mkicheka, chekeni vizuri, mjue mnamcheka nani.

Tuko watatu kwenye kikundi. Ajwang ana duka la mapazia Ruiru, ni mtu mpole, mnene, anayeamini kila anachoambiwa mradi kisemwe kwa adabu. Nekesa anakaa Mwihoko na kazi yake ni kufulia watu nguo na kusafisha nyumba zao. Ni mwembamba, mkimya, na akianza kuomba hamalizi. Mimi mnanijua sasa. Tulikutana tukiwa wasichana kwenye kiwanda cha nguo Thika, mashine zetu zikiwa mstari mmoja, na kiwanda kilipofungwa kila mmoja akaenda kutafuta lake lakini hatukuachana.

Biashara yetu ni viti. Viti themanini vya plastiki, vya buluu, vinavyolala nyuma ya duka la Ajwang na kukodishwa kwa harusi, matanga na ruracio, zile sherehe za kupeleka mahari. Kikundi tulikiita Keti Salama. Shida ni kwamba mtu akija kukodi viti, swali lake la pili huwa ni tenti. Tukisema hatuna, anatuaga vizuri na kwenda kwa yule mwenye vyote viwili. Basi tukajinyima miaka miwili, tukaweka benki laki moja na tisini elfu, na Jumamosi ya wiki ile tulikuwa tumlipe fundi wa tenti wa Thika atukabidhi mali yetu, nyeupe, yenye mapazia ya pembeni na madirisha ya duara.

Kwa wenzangu tenti ilikuwa biashara. Kwangu ilikuwa njia ya kuacha kumwomba Bedan pesa. Bedan ni mwanangu wa pekee, yuko Nairobi, anauza bima. Hanikatalii, na afadhali angekataa. Kila mwezi hunitumia kodi ya nyumba pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika saba kuhusu matumizi bora ya pesa. Mimi! Niliyemvalisha viatu mguu mmoja baada ya mwingine mpaka akajua upi ni wa kulia! Nilikuwa nimeapa kwamba kodi ya mwezi wa pili baada ya tenti nitailipa mwenyewe, na ule ujumbe wa sauti nitaufuta kabla haujafungua mdomo. Ndiyo maana nasema ile pesa haikuwa pesa tu.

Sasa mpango wenyewe. Nimeona vikundi vingi vikifa hapa Thika, na vyote huuawa na mtu yule yule, mweka hazina mwenye namba ya siri na shida ya nyumbani. Nikawaambia wenzangu: namba ya siri ya benki kwenye simu ina tarakimu nne. Mbili za kwanza nizijue mimi. Mbili za mwisho azijue Nekesa. Ajwang asijue hata moja, ila simu yenye laini ya kikundi ikae kwake. Hapo mwizi mmoja hatoshi, na hata wawili hawatoshi. Walinipigia makofi. Nakumbuka vizuri kwamba walinipigia makofi.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikutana dukani kwa Ajwang kuweka na kukagua. Nekesa aliomba kwanza. Kisha Ajwang alitoa simu kwenye mkebe wa majani chai, akaifungua ile huduma ya benki, akageukia mapazia yake. Nekesa alitoka nje akasimama mlangoni akitazama bodaboda. Mimi nilijifunika kitambaa, kichwa na simu pamoja, nikabonyeza zangu mbili, nikaita. Nekesa akaingia, mimi nikatoka, naye akajifunika. Mara nyingi simu ilichoka kutungoja, ikaandika kwamba muda umekwisha, tukaanza upya. Nekesa alitaka tuombe upya pia, lakini hapo nilikataa.

Yule mtu alianzia kwa Ajwang. Haya niliyajua baadaye, ila nayaweka mahali pake msije mkapotea. Alhamisi, kama saa tatu na nusu asubuhi, simu ililia ndani ya mkebe. Mwanaume mwenye sauti nzuri akasema anaitwa Nzioka, anapiga kutoka benki, kitengo cha kuzuia ulaghai, na angependa kuhakikisha namba ya siri ya kikundi.

“Yawa, hiyo mimi sina,” Ajwang akamwambia. “Sisi tumejipanga. Mbili za kwanza ziko na Warigia, mbili za mwisho ziko na Nekesa. Mimi ni wa kukaa na simu tu.”

Yule mtu akasema, “Madam, nimefanya kazi benki miaka tisa, sijaona akili kama hiyo. Wateja wote wangekuwa kama nyinyi, mimi ningekosa kazi.”

Ajwang hajasifiwa na mtu tangu alipopata kipaimara. Alimpa Nzioka namba yangu ya simu na ya Nekesa. Alimpa majina yetu kamili. Akamwambia kwamba mimi ndiye mwenye hasira na Nekesa ndiye mwenye maombi, na kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamenoga, akamsimulia jinsi mimi na Nekesa tulivyowahi kununiana wiki tatu kwa ajili ya sufuria yangu iliyorudi bila kifuniko. Nzioka alimshukuru sana.

Saa nne nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mtoto wa darasa la nne, simu yangu ikalia.

“Habari yako, Mama Warigia. Unaongea na Nzioka, kitengo cha kuzuia ulaghai, kutoka benki yenu. Tafadhali usiogope.”

Kiswahili chake kilikuwa safi, kile cha taarifa ya habari. Nikaogopa mara moja.

“Leo asubuhi, saa tatu na dakika kumi na mbili, kuna mtu aliyejaribu kuingia kwenye akaunti ya Keti Salama. Tarakimu mbili za mwisho aliziweka sawasawa. Mbili za kwanza ndizo alizokosea.”

Sindano ilisimama.

“Je, kuna mtu unayemfahamu ambaye huenda...”

“Nekesa!” nikasema.

“Sikutaka kutaja jina, mama.”

“Ni Nekesa. Andika.”

Naomba mnielewe. Nani duniani angejua kwamba namba yetu imekatwa katikati? Sisi watatu na mashine ya benki. Na kama kuna aliyeweka mbili za mwisho bila kukosea, basi ni yule mwenye mbili za mwisho. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo. Halafu mambo yakaanza kunijia yenyewe, moja baada ya jingine. Mwezi uliopita Nekesa alikuja na viatu vipya. Akasema ni vya kupewa na tajiri anayemfulia, lakini mtu anaweza kusema chochote. Halafu siku moja aliniuliza, akicheka, kama huwa sisahau namba zangu. Halafu yale maombi. Mtu anayeomba muda mrefu vile lazima kuna kitu anaficha.

“Tumeona pia,” Nzioka akasema kwa upole, “kwamba mliwahi kuwa na mgogoro wa sufuria.”

Nilishangaa jinsi benki siku hizi zinavyofuatilia maisha ya wateja. Nikasema moyoni, hawa kweli wanafanya kazi.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Na kifuniko hakijarudi mpaka leo.”

“Pole sana. Sasa mama, mtu huyo anaweza kujaribu tena wakati wowote. Ili asizibahatishe zile mbili zako, inabidi tuzifungie kwenye mtambo. Naomba unitajie polepole.”

Nilimtajia polepole. Kisha nikazirudia, ili asikosee.

“Asante. Na tafadhali, kwa saa ishirini na nne usizungumze na wenzako. Uchunguzi unaendelea.”

Nilikata simu nikiwa na hasira, na sitadanganya, ndani ya ile hasira kulikuwa na raha kidogo. Kuna raha ya kugundua kwamba mtu uliyemdhania mwema kukuliko si mwema. Nekesa na upole wake! Nekesa asiyepandisha sauti! Nikamwona amekaa Mwihoko akibonyeza simu na vidole vyake vyembamba, tenti yangu ikipeperuka, na Bedan akirekodi ujumbe wa dakika kumi na nne.

Saa ishirini na nne ni nyingi. Siri mimi hukaa nayo mpaka nifike kwa jirani. Lakini siku ile sikutaka kusimulia, nilitaka kukamata. Nilimpigia Nekesa, simu yake ikasema mteja hapatikani, na hilo nikalihesabu pamoja na viatu. Nikaikunja sketi ya watu, nikafunga mlango, nikavaa viatu vya kanisani, kwa sababu mtu haendi kukamata mwizi akiwa na ndala.

Mwihoko nilifika jua likiwa limewaka. Nekesa anakaa ghorofa ya tatu kwenye ploti ambayo nguo zimeanikwa mpaka hujui mlango uko wapi. Nilibisha mlango wake kama askari. Akatoka jirani, msichana anayeitwa Kui, povu la sabuni mpaka viwikoni.

“Nekesa hayuko, mathe. Ametoka kama saa nne na nusu, mbio mbio.”

“Mbio mbio namna gani?”

“Alikuwa na bag ya nguo. Hata ameniomba elfu tatu, nikampea.”

“Haiya! Na amesema anaenda wapi?”

“Hajasema. Amesema tu kuna mtu ako na shida.”

“Mtu huyo ni yeye,” nikasema. “Ama itakuwa yeye hivi karibuni.”

Mizigo, mkopo wa ghafla, simu imezimwa. Mnataka ushahidi gani mwingine? Nilishuka zile ngazi nikizungumza peke yangu, na watoto waliokuwa wanacheza chini wakanipisha.

Ruiru nilimkuta Ajwang amekaa kwenye kigoda katikati ya duka, mkebe wa majani chai mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Duka lilikuwa halina mteja. Aliponiona hakusimama.

“Kaa hapo hapo, Mama Bedan. Usikaribie hii mkebe.”

“Ajwang, ni mimi!”

“Najua ni wewe. Ndio maana.”

Nilimtazama mwanamke niliyemshonea gauni la harusi. Alikuwa amejawa na jasho, macho yamemtoka.

“Nani amekuambia nini?” nikauliza.

“Nimeambiwa nisiseme. Saa ishirini na nne.”

“Hata mimi nimeambiwa nisiseme!”

Tukatazamana. Hapo uchunguzi wa Nzioka ulikufa, kwa sababu tulianza kusema wote wawili kwa wakati mmoja na hakuna aliyetaka kumngoja mwenzake. Kumbe Ajwang alipigiwa mara ya pili. Nzioka alimwambia kwamba kati yangu na Nekesa kuna mwizi, ila bado haijajulikana ni nani. Akasema atatuma tarakimu sita kwenye simu ya kikundi, na Ajwang amsomee haraka, ndiyo akaunti ifungwe sisi wawili tusiifikie. Tarakimu zikaja. Akamsomea.

“Halafu ikakuja hii ingine,” Ajwang akasema, akanionyesha simu kwa mbali, bila kuiachilia.

Ujumbe ulisema: Umekosea namba yako ya siri mara tatu. Huduma imesimamishwa kwa usalama wako. Tafadhali fika katika tawi lililo karibu nawe.

“Mara tatu!” nikapiga kelele. “Amejaribu mara tatu! Nekesa hana hata haya!”

“Kwani ni Nekesa?” Ajwang akauliza, na nikaona mikono yake ikilegea kwenye mkebe. Alikuwa amefurahi kwamba si mimi. Mpaka leo hilo linaniuma.

“Ametoroka,” nikamwambia. “Na begi. Na elfu tatu za Kui. Funga duka twende benki.”

Benki ya Ruiru siku ile ilikuwa imejaa, foleni imezunguka viti vyote, lakini mimi nikiwa nimevaa viatu vya kanisani huwa siiogopi foleni. Nilieleza kwa sauti kwamba kuna wizi. Watu wakatupisha ili wasikie vizuri. Tukaketishwa mbele ya msichana mmoja mwenye kucha ndefu za zambarau na beji iliyoandikwa Shiko.

“Tunamtaka Bwana Nzioka,” nikamwambia. “Wa kitengo cha kuzuia ulaghai. Kesi yetu iko kwake.”

Shiko alitutazama, mimi, kisha Ajwang, kisha mkebe.

“Amewapigia simu?”

“Asubuhi. Mtu wa heshima sana.”

“Akawauliza PIN?”

“Hapana,” nikasema. “Hakuuliza PIN.” Na mnaona kwamba sikudanganya, kwa jinsi nilivyokuwa nimepanga mambo kichwani.

“Mum, nisikie vizuri,” Shiko akasema. “Hakuna mtu wa benki atakupigia akuulize PIN. Ama ile code inatumwa kwa simu. Hakuna. Akikuuliza, huyo ni mwizi, hata akijua jina ya babu yako. Unakata simu. Kama uko na wasiwasi, unapiga mwenyewe ile namba iko nyuma ya kadi, ama unakuja hapa.”

“Hata nusu?” Ajwang akauliza.

“Nusu ya nini?”

“Ya PIN. Benki haiwezi uliza nusu?”

Shiko aliweka kalamu chini. Tukamweleza mpango. Tulimweleza wote, kitambaa, mapazia, Nekesa mlangoni, na nilipofika mahali pa kuomba upya alimwita mwenzake wa dirisha la pili aje asikie. Yule mwenzake alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye dirisha lake akiwa amefunika uso na fomu.

“Hata robo, mum,” Shiko akamjibu Ajwang hatimaye. “Hata namba moja.”

Kisha akageukia kompyuta yake. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Sijui kama mmewahi kuona kucha ndefu zikibonyeza huku maisha yenu yakiwa ndani ya ile kompyuta. Nilikuwa naiona tenti. Nilikuwa naisikia sauti ya Bedan ikianza na “Mum, remember nilikuambia.”

“Laki moja na tisini,” Shiko akasema. “Iko. Haijaguswa.”

Nilifurahi mpaka machozi yakaja, nikayapangusa haraka kabla Ajwang hajayaona, lakini Ajwang alikuwa analia yake.

“Mna bahati ya ajabu,” Shiko akaendelea. “Kuna mtu amejaribu kuweka akaunti yenu kwa simu ingine. Saa nne na dakika hamsini. Code alikuwa nayo.”

“Ni mimi nilimsomea,” Ajwang akasema papo hapo, kwa sauti ndogo. Ajwang ni mtu wa namna hiyo, hata hakungoja kuulizwa.

“Sawa. Halafu akaweka PIN mara tatu, zote wrong, system ikamfungia. Sasa, vile mmenieleza, PIN yenu iko vipande viwili. Angekuwa na vyote, pesa ingeenda. Angekosa vyote, sidhani angejisumbua kujaribu. Mimi naona alikuwa na kimoja, hiyo ingine akawa anabahatisha. Nani alimpa?”

“Nekesa,” nikasema. “Ametoroka, tena...”

Na hapo nikanyamaza, kwa sababu hesabu ilikuwa imeanza kujifanya yenyewe kichwani mwangu na sikuweza kuizuia. Ajwang alitoa zile sita. Mimi nilitoa zangu mbili, tena nikazirudia. Kama Nekesa angekuwa mwizi, au hata mjinga kama sisi, Nzioka angekuwa na zote. Alichokosa ni cha Nekesa. Kitu pekee kilichosimama kati ya yule mwanaume na tenti yangu ni Nekesa kukataa.

“Mama?” Shiko akasema. “Ni nani alimpa?”

“Sijui,” nikajibu.

Ajwang akanitazama. Sikumtazama.

Simu yangu ikalia wakati huo huo. Ile simu imeharibika tangu Krismasi, bila kuweka sauti ya nje haisikiki kabisa, na nilipoipokea kwa haraka nilifanya kama ninavyofanya kila siku. Sauti ikajaa benki nzima.

“Warigia! Uko wapi wewe? Niko hapa kwa mlango yako tangu saa sita!”

Alikuwa Nekesa.

“Simu ilikuwa imezima, nimechajisha hapa kwa duka ya Muoki. Uko sawa?”

“Niko sawa,” nikasema. “Nekesa, hebu nikupigie baada ya...”

“Hapana, ngoja niongee kwanza.” Nekesa ambaye hapandishi sauti alikuwa ameipandisha. “Kuna mwanaume amenipigia asubuhi, ati ni wa benki. Ati wewe umejaribu kutoa pesa ya tenti. Ati zako umeweka sawa, zangu ndio umekosa, kwa hivyo nimpatie zangu wazifungie usizipate. Nikamwambia, kama ni Warigia anatoa hiyo pesa, basi ako na shida hawezi kuniambia. Mwacheni atoe. Akaanza kuniambia mambo ya sufuria, nikamkatia.”

Mzee mmoja aliyekuwa anahesabu sarafu aliacha kuhesabu.

“Sasa niambie ukweli,” Nekesa akasema, na sauti ikashuka. “Ni kodi? Bedan amekataa? Nimekuja na elfu nane, tatu ni za Kui lakini Kui hana haraka. Na nimebeba nguo za kulala, nisikuache peke yako na mawazo. Usione haya, Warigia. Ni mimi.”

Nilitamani ardhi inimeze, na viatu vya kanisani na vyote. Ajwang alikuwa ameshika mkono wangu, sijui tangu lini.

“Warigia? Uko?”

“Niko.”

“Huyo mwanaume amekupigia na wewe?”

“Amenipigia.”

“Amekuambia nini?”

“Kwamba mwizi ni wewe.”

“Na wewe ukamwambia nini?”

Ningeweza kudanganya. Nimewahi kumdanganya askari wa kanjo mlangoni mwangu, nimewahi kumdanganya mchungaji akiwa na Biblia mkononi, na uongo wa siku ile ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Shiko alikuwa ananitazama. Mzee wa sarafu alikuwa ananitazama.

“Nilimwambia nne, saba,” nikasema.

“Mum, usitaje hizo!” Shiko akaruka, kisha akakumbuka kwamba zinabadilishwa hata hivyo, akakaa.

Kwenye simu nilisikia bodaboda ikipita Ngoingwa, na mtoto wa Muoki akiitwa akaoge. Nilingoja Nekesa anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana, kwa matusi najua la kufanya.

“Warigia,” akasema mwishowe. “Mimi na wewe tumejuana miaka mingapi?”

“Thelathini na moja.”

“Na huyo mwanaume?”

Nikahesabu. Kulikuwa na salamu, kulikuwa na sufuria, kulikuwa na pale niliporudia ili asikosee.

“Dakika nne,” nikasema.

“Kuja unifungulie mlango,” Nekesa akasema. “Hapa kuna jua.”